Mistari ya Vichwa vya Habari: Ripoti ya Kikundi Ipangwe Isomeke



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia havipeleki tena ripoti ya mwaka iliyoandikwa kwa mkono. Katibu, au kijana fulani wa kikundi aliyesoma kompyuta, huitaipu nyumbani au kwenye saiba, kisha nakala hutolewa fotokopi na kugawiwa wanachama. Hilo ni jambo la kufurahisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na kikundi kinachoandika mambo yake kinajilinda.

Lakini kuandika ni kitu kimoja, na kusomeka ni kitu kingine. Ripoti inaweza kuwa na hesabu sahihi kabisa na bado iwachanganye watu. Moja ya mambo yanayochanganya ni dogo hata watu hawalifikirii: ile mistari inayowekwa juu au chini ya vichwa vya habari ili karatasi ipendeze. Mwingine anaweka mstari mmoja, mwingine miwili, mwingine wa mawimbi, mwingine wa nyota. Ukimwuliza kwa nini, atakuambia, "Niliona inapendeza tu."

Katika makala haya tungependa kueleza kazi ya mistari hiyo, mahali inapofaa kuwekwa, na jinsi ya kuiweka kwa kompyuta ili isihame wala isipotee.

MSTARI UNA KAZI GANI?

Fikiria shamba. Mpaka unaonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Mpaka ukiwa mahali pake, majirani wanaishi kwa amani. Mpaka ukisogezwa, hata kwa hatua mbili tu, ugomvi unaanza.

Mstari kwenye karatasi ni vivyo hivyo. Jicho la msomaji likiukuta, linasimama. Linasema: hapa jambo moja limekwisha, sasa jambo lingine linaanza. Jicho halingoji kuelezwa. Linaamua lenyewe kabla hata ya maneno kusomwa. Kwa hiyo ukiweka mstari mahali pasipofaa, umemwambia msomaji jambo lisilo la kweli, ijapokuwa maneno yako yote ni ya kweli.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: usiweke mstari kwa sababu unapendeza. Uweke kwa sababu kuna mpaka hapo.

TABIA TULIYOIRITHI KWA TAIPURETA

Wengi wetu tunaamini kwamba kichwa cha habari ni lazima kipigiwe mstari chini yake. Tabia hii ilitoka kwa taipureta. Taipureta ya kawaida ilikuwa na herufi za saizi moja tu. Haikuweza kuandika kichwa kwa herufi kubwa zaidi wala nene zaidi. Njia zilizokuwapo zilikuwa chache: kuandika yote kwa herufi kubwa, au kurudi nyuma na kupiga mstari chini ya kila herufi. Ndivyo makarani walivyofundishwa, na ndivyo nasi tulivyofundishwa shuleni.

Wapiga chapa wa vitabu walikuwa na njia nyingine tangu zamani. Walipanga herufi za risasi moja moja, na walipotaka mstari waliingiza kipande chembamba cha chuma au shaba kati ya maneno. Kwao mstari haukuwa sehemu ya herufi. Ulikuwa kitu chenye unene wake na nafasi yake, na fundi alichagua kwa makusudi auweke wapi.

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani ilitoa programu iitwayo PageMaker. Kwa programu hiyo mtu aliye mezani kwake, akiwa na kompyuta na printa, aliweza kupanga ukurasa kama fundi wa kiwanda cha chapa. Mwaka 1994 Aldus iliungana na kampuni ya Adobe, na mwaka 1999 Adobe ilitoa programu nyingine iitwayo InDesign, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya PageMaker na ambayo wapiga chapa wengi wanaitumia mpaka leo. Lakini hata programu za kawaida tunazokuta kwenye saiba, kama Microsoft Word, au LibreOffice ambayo hutolewa bure, zina uwezo huo wa kuweka mstari kama fundi.

Maana yake ni kwamba hatuna tena sababu ya kupiga mstari ule wa taipureta. Tena una hasara. Mstari uliobana chini ya herufi unakata mikia ya g, j, p na y. Na Kiswahili kina herufi hizo kwa wingi. Andika "Mapato ya Jumla kwa Kipindi Hiki" halafu upige mstari wa kubana chini yake, uone mikia mingapi inakatwa. Kwa kijana mwenye macho mazuri si shida. Kwa mzee anayesoma jioni kwa taa, herufi iliyokatwa mkia ni herufi ya kubahatisha.

Kama unataka kichwa kionekane, kifanye kinene na ukiongeze saizi kidogo. Maneno ya ripoti yakiwa pointi 12, kichwa kinaweza kuwa 14 au 16. Hapo kichwa kinaonekana chenyewe, na mstari unabaki na kazi yake ya mpaka.

JUU YA KICHWA AU CHINI YAKE?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena bila kujua.

Kichwa cha habari ni cha maneno yaliyo chini yake. Kichwa kisemacho "Mikopo" kinazungumzia mikopo inayofuata. Sasa, ukipiga mstari chini ya kichwa, umekitenga na maneno yake. Umejenga ukuta kati ya mama na watoto. Na kama hukuacha nafasi ya kutosha juu ya kichwa hicho, kinasogea na kushikana na habari iliyotangulia, ambayo si yake.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha wanachama 30 kimetoa ripoti yenye sehemu tatu: Akiba, Mikopo, na Mradi wa Mbuzi wa Maziwa. Mwisho wa sehemu ya Akiba pameandikwa "Jumla: shilingi 84,000". Mara tu chini yake, bila nafasi, kuna neno "MIKOPO". Chini ya neno hilo kuna mstari mnene kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Halafu baada ya mstari yanafuata majina na hesabu za mikopo, ambazo jumla yake ni shilingi 61,500.

Msomaji ataona nini? Ataona 84,000 na neno "MIKOPO" vimekaa pamoja upande mmoja wa mstari. Ataona majina ya watu na 61,500 upande wa pili, bila kichwa. Atakwenda nyumbani akisema kwamba shilingi 84,000 za kikundi ziko mikononi mwa wakopaji. Yule aliyemaliza kulipa mkopo wake ataanza kuuliza, "Kumbe sisi tunalipa, na wengine wamekalia pesa zetu?" Mwezi unaofuata wawili hawaleti michango. Mwezi wa tatu ni watano.

Hakuna aliyeiba. Hakuna hesabu iliyokosewa. Ni mstari tu uliowekwa mahali pabaya.

Mtu anaweza kusema kwamba mweka hazina atasimama mkutanoni na kueleza. Ni kweli, ataeleza. Lakini karatasi inakwenda nyumbani. Inasomwa na mume, na mtoto aliye sekondari, na jirani, na yule ambaye hakuhudhuria kwa sababu ya ugonjwa. Huko nyumbani mweka hazina hayupo, na karatasi haina mdomo wa kujitetea.

Sasa chukua ripoti ile ile na ubadilishe mambo mawili tu. Kwanza, uondoe mstari chini ya kichwa na uuweke juu yake. Pili, uache nafasi kubwa juu ya mstari, na nafasi ndogo kati ya kichwa na maneno yake. Nafasi ya juu iwe kama mara mbili au tatu ya ile ya chini. Tuseme pointi 18 juu na pointi 6 au 9 chini.

Utaona akiba imefungwa peke yake, panafuata nafasi, panakuja mstari, kisha neno "Mikopo" likiwa limeshikana na mikopo yake. Hakuna wa kuchanganyikiwa. Hata asiyejua kusoma vizuri anaona kwamba karatasi ina sehemu tatu.

Je, mstari chini ya kichwa umekatazwa? Hapana. Unafaa kwa kichwa kikuu kilicho juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, yaani jina la kikundi na jina la ripoti. Hicho hakina habari juu yake ya kuchanganyika nayo. Lakini kwa vichwa vidogo vya katikati, mstari wa juu ni salama zaidi.

MISTARI MIWILI TUMWACHIE MWEKA HAZINA

Kuna alama moja ambayo watu wa hesabu wanaijua vizuri. Ukijumlisha, unapiga mstari mmoja juu ya jumla. Hesabu ikifungwa kabisa, unapiga mistari miwili chini ya jumla ya mwisho. Mistari miwili inasema: hapa tumemaliza, hakuna kinachoongezwa.

Sasa kuna mtindo wa kuweka mistari miwili chini ya kila kichwa cha ripoti kwa sababu eti ina heshima. Katika barua ya mwaliko haidhuru. Lakini katika ripoti yenye hesabu ni hatari. Msomaji aliyefundishwa kuweka daftari akiona mistari miwili katikati ya ukurasa, anadhani hesabu imefungwa hapo. Anaacha kusoma, au anashuku kwamba yanayofuata yameongezwa baadaye. Na anayekuja kukagua hesabu, awe afisa wa maendeleo ya jamii au mwakilishi wa wafadhili, anaisoma kwa jicho hilo hilo.

Kwa hiyo mkubaliane katika kikundi: mstari mmoja ni wa vichwa, mistari miwili ni ya jumla ya mwisho, basi. Mstari wa aina moja uwe na kazi moja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji akishaijua alama katika ukurasa wa kwanza, hatakuwa na haja ya kuuliza tena.

UNENE WA MSTARI NA SHIDA YA FOTOKOPI

Unene wa mstari katika kompyuta hupimwa kwa pointi. Pointi 72 hufanya inchi moja, yaani pointi moja ni karibu milimita 0.35. Mstari wa pointi 1 unaonekana vizuri kwa jicho. Mstari wa pointi 0.25 ni mwembamba kama unywele, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

Huo mwembamba unapendeza kwenye skrini na kwenye nakala ya kwanza. Lakini vikundi vyetu havigawi nakala ya kwanza. Vinagawa fotokopi, na mara nyingine fotokopi ya fotokopi. Printa inayochapa nukta 300 kwa inchi inatengeneza mstari huo kwa upana wa nukta moja tu. Mashine ya fotokopi yenye kioo kichafu au wino unaokwisha inaweza kuupoteza kipande kipande. Unabaki mstari wenye mapengo, au haubaki kabisa.

Vivyo hivyo mistari ya kijivu na ya rangi. Printa nyingi za rangi nyeusi hutengeneza kijivu kwa vijinukta. Fotokopi ikipita juu yake, vijinukta vinakuwa madoadoa. Mstari wa manjano hauwezi hata kuonekana.

Kwa karatasi itakayotolewa fotokopi, tumia rangi nyeusi tu. Vichwa vya kawaida vipewe mstari wa pointi 1. Kichwa kikuu kipewe kama pointi 2. Word haina 2 katika orodha yake, ina 2¼, nayo inafaa. Usizidishe hapo. Mstari wa pointi 6 unamaliza wino na kulifanya jicho litazame mstari badala ya maneno.

MSTARI USIOFUTIKA

Wengi waliotaipu kwenye saiba wamekutana na jambo hili. Unaandika vistari vitatu vya kuunganisha maneno, unabonyeza kitufe cha kushuka mstari, na ghafla mstari mrefu unatokea kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiandika alama tatu za "sawa na", unapata mistari miwili. Nyota tatu katika Word zinaleta mstari wa vitone. Watu wanafurahi. Halafu wanataka kuufuta, na haufutiki. Wanabonyeza kitufe cha kufuta mara kumi, maneno yanaondoka, mstari umebaki pale pale. Wengine wamesema kompyuta ina virusi.

Hakuna virusi. Mstari ule si herufi, ndiyo maana haufutiki kama herufi. Ni ukingo wa aya, yaani programu imechukua aya iliyo juu yake na kuipa mpaka upande wa chini. Ili kuuondoa, fanya hivi: weka kishale cha kuandikia katika aya iliyo juu ya mstari. Katika Word nenda "Home", bonyeza kile kijialama cha kisanduku chenye mistari, uchague "No Border". Katika LibreOffice nenda "Format", kisha "Paragraph", kisha "Borders", na uchague picha ya kwanza isiyo na mstari. Kama umetokea sasa hivi tu, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, utatoweka.

Kuna njia nyingine mbili ambazo afadhali mziache. Ya kwanza ni kuandika alama ya mstari wa chini mara themanini mpaka ukingo. Siku ukibadilisha saizi ya herufi, alama hizo zinapungua au zinamwagikia mstari wa pili. Ya pili ni kuchora mstari kwa kifaa cha kuchorea. Mstari wa kuchora unaweza kubaki mahali pake maneno yanapohama. Katibu anaongeza jina la mwanachama mmoja katika ukurasa wa kwanza, kila kitu kinashuka, na mstari uliokuwa juu ya "Mikopo" sasa unakata katikati ya majina. Mpaka umehama na mwenye shamba hana habari.

JINSI YA KUUFUNGA MSTARI NA KICHWA CHAKE

Dawa yake ni kuufanya mstari uwe sehemu ya kichwa chenyewe, ili kichwa kikihama nao uhame. Programu zina kitu tunachoweza kukiita mtindo. Mtindo ni kama sare ya shule. Ukishaamua sare, huhitaji kumpimia kila mtoto rangi yake. Unasema tu, "Huyu ni wa shule hii," naye anavaa. Ukibadilisha sare, wote wanabadilika siku moja.

Katika LibreOffice Writer:

1. Andika ripoti yako yote kwanza. Usijali mapambo.
2. Bonyeza kitufe F11. Orodha ya mitindo itafunguka kando.
3. Weka kishale kwenye kichwa kidogo cha kwanza, kisha bonyeza mara mbili "Heading 2" katika orodha. Rudia kwa kila kichwa kidogo. Kichwa kikuu kipe "Heading 1".
4. Bonyeza "Heading 2" kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua "Edit Style" au, katika matoleo ya zamani, "Modify".
5. Fungua sehemu ya "Borders". Utaona kipicha chenye kingo nne. Bonyeza ukingo wa juu peke yake mpaka mstari uonekane hapo. Chagua mstari mmoja, pointi 1, rangi nyeusi.
6. Hapo hapo kuna "Padding", yaani nafasi kati ya mstari na maneno. Weka kama milimita 1 au 2 upande wa juu, ili mstari usikae juu ya herufi kama kofia ya kubana.
7. Fungua "Indents & Spacing". Weka nafasi ya juu ya aya na ya chini yake, kama tulivyosema: ya juu iwe kubwa.
8. Fungua "Text Flow" na uhakikishe "Keep with next paragraph" imewekwa alama. Hii inazuia kichwa na mstari wake kubaki peke yao mwisho wa ukurasa huku maneno yamekwenda ukurasa wa pili.
9. Bonyeza "OK". Vichwa vidogo vyote vitavaa sare kwa mara moja.

Katika Microsoft Word njia ni ile ile kwa majina tofauti kidogo. Vichwa vipe "Heading 2" kutoka orodha ya mitindo iliyo juu katika "Home". Kisha bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia, chagua "Modify", na chini kabisa bonyeza "Format" halafu "Border". Chagua unene kwanza, kisha bonyeza ukingo wa juu kwenye kipicha. Kwa "Options" unapanga umbali wa mstari na maneno. Kwa "Format" hiyo hiyo ukichagua "Paragraph", utapanga nafasi za juu na chini.

Kama jarida lenu linapangwa na mpiga chapa anayetumia InDesign, mwambie tu aweke mstari ndani ya mtindo wa aya, mahali panapoitwa "Paragraph Rules". Ataelewa. Programu hiyo ina uwezo mmoja mzuri: mstari unaweza kuwa na upana wa safu nzima, au upana wa maneno ya kichwa peke yake. Kwa ripoti ya hesabu, upana wa safu nzima unaonyesha mpaka vizuri zaidi.

Ukimaliza, hifadhi faili yako, halafu utengeneze nakala ya PDF. Nakala hiyo hushikilia ukurasa kama ulivyoupanga, na ndiyo ya kupeleka saiba au kutuma kwa simu. Ukipeleka faili ya kawaida na ikafunguliwa kwa programu nyingine, herufi zinaweza kubadilika na kurasa zikahama.

MAPAMBO YANA MAHALI PAKE

Hatusemi mapambo ni mabaya. Kadi ya harusi, mwaliko wa harambee, cheti cha mwanachama aliyemaliza mafunzo, hivyo vyote vinastahili maua, mawimbi na mistari ya kupendeza. Mtu atakitundika cheti hicho ukutani kwa miaka mingi, na ni haki kipendeze.

Ripoti ni kitu kingine. Nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Mwanachama aliyetoa shilingi zake kila wiki hatafuti maua kwenye ripoti. Anatafuta jibu la swali moja: pesa zetu ziko wapi? Karatasi inayomfikisha kwenye jibu hilo upesi ndiyo karatasi nzuri.

Tena jambo hili linahusu haki katika kikundi. Ripoti isiyosomeka inawaacha watu wawili au watatu tu wakielewa hesabu, na wengine wote wakiwategemea. Hata kama hao wawili ni waaminifu sana, kikundi kimekwisha kuwa chao. Ripoti inayosomeka na kila mtu inakirudisha kikundi kwa wenyewe.

KABLA YA KUTOA NAKALA NYINGI

Toa nakala moja tu kwanza. Itoe fotokopi, kisha fanya majaribio haya:

1. Ishike fotokopi kwa urefu wa mkono, ukunje macho kidogo. Je, unaona ripoti ina sehemu ngapi bila kusoma maneno?
2. Hesabu aina za mistari. Zikizidi mbili, bila kuhesabu ile ya jumla ya mwisho, punguza.
3. Angalia kila kichwa. Je, kiko karibu zaidi na maneno yake kuliko ya jirani?
4. Mpe mwanachama ambaye hakushiriki kuiandika, afadhali aliye mzee. Mwulize, "Jumla ya mikopo ni ngapi?" Usimsaidie. Akikuonyesha hesabu ya akiba, rudi kwenye kompyuta.

Jaribio la nne ndilo kubwa. Nakala moja ikiharibika, hasara ni shilingi chache. Nakala 30 zikiharibika, hasara ni ya wote, na maneno yakishatoka nyumba kwa nyumba hayarudishwi kwa fotokopi nyingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Leteni ripoti yenu ya mwaka uliopita. Mistari yake inasema nini? Je, kuna mstari unaosema uongo?
2. Ni wanachama wangapi wanaoweza kuisoma ripoti yetu bila kueleweshwa? Wasioweza wanazuiwa na nini: macho, lugha, au mpangilio wa karatasi?
3. Nani katika kikundi anajua kutumia mitindo ya vichwa kwenye kompyuta? Atamfundisha nani mwingine, na lini?
4. Tukubaliane leo: mstari wa vichwa vyetu utakuwa wa namna gani? Katibu aandike uamuzi huo katika kumbukumbu za mkutano, ili katibu atakayefuata asianze upya.